Namna ya Kupima Dai Kwamba Akili ya Binadamu Hutatua Matatizo Yanayoishinda Kompyuta

Dai hili husikika sana siku hizi katika vyumba vya walimu, katika midahalo ya wanafunzi na hata ndani ya magari ya abiria kati ya Arusha na Moshi: kwamba kompyuta, hata ikiboreshwa kwa kiasi gani, haitaifikia akili ya mtu, kwa kuwa yapo matatizo ambayo mtu huyatatua na mashine ikabaki imekwama. Wapo wanaolikubali kwa sababu wanaona fahari ya ubinadamu imo hatarini, na wapo wanaolikataa kwa sababu wameona simu zao zikijibu maswali ya kila namna. Pande zote mbili kwa kawaida hubishana bila kukubaliana kwanza wanabishania nini.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayetaka kukiongoza kikundi kulichunguza dai hilo kwa makini, kiwe klabu ya hisabati ya shule ya sekondari, walimu wenzake, au wanachuo wa Chuo cha Ufundi Arusha na wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru. Tenga alasiri mbili za Jumamosi. Unahitaji ubao, chaki, karatasi na simu zenye kikokotoo. Huhitaji kompyuta hata moja, wala umeme ukikatika hautaharibu kitu, kwa sababu hoja nzito kuliko zote katika jambo hili ziliandikwa mwaka 1931 na mwaka 1936, kabla ya kompyuta za kielektroniki kujengwa.

Ni haki nitangulize msimamo wangu ili msomaji aupime anapoendelea. Kwamba kompyuta ina mipaka ni jambo lililothibitishwa kihisabati, na hakuna uvumbuzi wa baadaye utakaolibatilisha. Kwamba binadamu hana mipaka hiyo ni jambo ambalo hakuna aliyelithibitisha. Watu wengi huhama kutoka kauli ya kwanza hadi ya pili bila kutambua kwamba wamevuka, na kazi ya kiongozi wa kikundi ni kusimama pale pale pa kuvukia.

Liandike dai upya kabla ya kulijadili

Andika ubaoni: "Kuna tatizo ambalo binadamu anaweza kulitatua na kompyuta haiwezi." Kisha, kabla hujampa mtu yeyote nafasi ya kuchangia, uliza kikundi kinaelewa nini kinapotajwa tatizo.

Wengi watatoa mfano wa swali moja gumu. Hapo ndipo unapopaswa kuwaonyesha jambo ambalo huwashangaza hata wanafunzi hodari, yaani kwamba swali moja la ndiyo au hapana haliwezi kamwe kuishinda kompyuta kwa msingi. Chukua dhana iliyotokana na barua ya Christian Goldbach kwa Leonhard Euler ya mwaka 1742, kwamba kila namba shufwa kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa mbili. Mfano, 10 ni 3 jumlisha 7, na 28 ni 11 jumlisha 17. Kompyuta zimeihakiki kwa namba shufwa zote hadi 4 ikifuatiwa na sifuri 18, lakini hakuna aliyetoa uthibitisho kwa namba zote. Sasa fikiria programu mbili fupi: ya kwanza huandika NDIYO na kusimama, ya pili huandika HAPANA na kusimama. Mojawapo inatoa jibu sahihi la swali la Goldbach. Hatujui ni ipi, lakini ipo, na ni kompyuta inayoiendesha.

Mwanafunzi atalalamika kwamba huo ni ujanja, na malalamiko yake ndiyo unayoyahitaji. Mwulize: ujanja uko wapi hasa? Atajibu kwamba programu ile haijui kitu, imebahatisha tu. Vema. Basi ili kupima ujuzi na si bahati, hatuna budi kuuliza kuhusu kundi lisilo na mwisho la maswali ya aina moja, na kudai njia moja inayotoa jibu sahihi kwa kila swali la kundi hilo. Namba hii ni tasa au si tasa? Kundi hilo halina mwisho, na njia ipo, kwani kila mwanafunzi wa Kidato cha Pili anaweza kuieleza. Kuanzia hapa, kila mtu anayesema "tatizo" amaanishe kundi la namna hiyo.

Jambo la pili la kurekebisha katika dai ni huyu "binadamu". Akiwa peke yake bila karatasi, mtu hushindwa kuzidisha namba mbili za tarakimu kumi. Kwa upande mwingine, mashine ya kinadharia ambayo wanahisabati huizungumzia imepewa nafasi ya kuandikia isiyokwisha na muda usiokwisha. Haki inataka mtu naye apewe karatasi na muda usiokwisha, pamoja na wenzake wa kushauriana nao. Andika masharti haya ubaoni na uyaache hapo hadi mwisho, kwa sababu nusu ya mabishano ya baadaye hutokana na upande mmoja kuyasahau.

Tenganisha namna tatu za kushindwa

Chora safu tatu. Ya kwanza iwe ya mambo ambayo kompyuta imeshindwa kwa sasa, ya pili yale ambayo imeshindwa kwa sababu ya muda, na ya tatu yale ambayo imeshindwa kwa msingi. Kisha waache watu wataje mifano, na uandike kila mfano katika safu yake.

Safu ya kwanza itajaa haraka, na nashauri usiipe zaidi ya robo saa. Miongo kadhaa iliyopita sataranji ingeandikwa humo, lakini mwaka 1997 kompyuta iitwayo Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov. Mchezo wa ubaoni uitwao Go ungeandikwa humo hadi Machi 2016, programu ya AlphaGo ilipomshinda bingwa Lee Sedol michezo minne kwa mmoja huko Seoul. Mwaka 2024 mifumo ya Google DeepMind ilipata alama 28 kati ya 42 katika maswali ya Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, kiwango cha medali ya fedha. Mambo haya hayathibitishi kwamba kila kilichobaki kitafuata. Yanaonyesha tu kwamba kushindwa kwa leo si ushahidi wa kushindwa daima, na mtu anayetegemea safu hii peke yake atalazimika kubadili mifano yake kila baada ya miaka michache.

Safu ya pili inastahili mfano wa hapa hapa mjini Arusha. Tuseme mfanyabiashara wa jumla katika soko la Kilombero ana gari moja la kusambaza bidhaa, na siku hiyo anapaswa kufika maeneo 12: Sakina, Ngaramtoni, Kisongo, Njiro, Moshono, Kijenge, Sanawari, Unga Limited, Majengo, Olasiti, Tengeru na Usa River. Apange vipi safari ili umbali wote uwe mfupi kuliko mpangilio mwingine wowote? Waache wanafunzi wakokotoe idadi ya mipangilio kwa simu: 12 mara 11 mara 10, hadi 1. Watapata 479,001,600. Kompyuta inayopima mipangilio milioni moja kwa sekunde itaimaliza yote kwa takriban dakika nane. Ongeza maeneo yawe 20, na mipangilio inafika 2,432,902,008,176,640,000. Kompyuta ile ile, kwa mwendo ule ule, itahitaji zaidi ya miaka 77,000.

Hapo mtu atasema kwa ushindi: dereva mzoefu anaipanga safari hiyo akiwa anakunywa chai. Ni kweli, na maarifa yake ni ya kuheshimiwa. Anajua kwamba Sakina na Ngaramtoni ziko katika barabara moja ya kuelekea Namanga, kwamba Tengeru na Usa River ziko katika barabara ya Moshi, na kwamba Kisongo inafuatwa kwa barabara ya Dodoma, hivyo hapotezi muda kufikiria mipangilio ya kipuuzi. Lakini mwulize maswali mawili. Je, anaweza kuthibitisha kwamba njia yake ni fupi kuliko zote, au anajua tu kwamba ni nzuri? Na je, kompyuta imekatazwa kutumia busara kama yake? Haijakatazwa. Mwaka 2006 watafiti, wakiwamo David Applegate, Robert Bixby, Vašek Chvátal na William Cook, walitumia programu yao kutatua tatizo la namna hii lenye vituo 85,900, na walithibitisha kwamba jibu lilikuwa bora kabisa, bila kupitia kila mpangilio mmoja mmoja.

Ikiwa kuna njia ya haraka inayofaa kwa matatizo yote ya aina hii, hilo ni swali ambalo bado liko wazi. Chimbuko lake ni kazi ya Stephen Cook ya mwaka 1971, na Taasisi ya Clay ilitangaza zawadi ya dola milioni moja mwaka 2000 kwa atakayelijibu. Kwa kikundi chako inatosha kutambua kwamba katika safu hii mtu na mashine wako upande mmoja: wote hukadiria vizuri, na wote huelemewa wanapodaiwa uhakika kwa idadi kubwa.

Safu ya tatu ndiyo yenye uzito, na alasiri yote iliyobaki ni yake.

Uchezeni mchezo wa Mtabiri na Mkaidi

Mwaka 1936 Alan Turing, akiwa kijana wa miaka 24, alichapisha makala iliyoeleza kwa usahihi maana ya kukokotoa kwa kufuata kanuni. Hakuanza na mashine. Alianza na mtu aliyeketi na karatasi na kalamu, akajiuliza ni hatua zipi za chini kabisa ambazo mtu huyo huzifanya: kutazama alama, kuiandika au kuifuta, kusogea kwenye alama inayofuata, na kukumbuka yuko hatua gani. Baada ya kuzichanganua ndipo alipobuni mashine inayofanya hizo hizo. Sisitiza jambo hili, kwa sababu mipaka aliyoigundua iliwekwa kwanza kwa mtu anayefuata kanuni, kisha kwa mashine.

Mpaka mmoja unahusu swali hili: ukipewa programu yoyote pamoja na data yake, je, itafika mwisho na kusimama, au itazunguka milele? Hakuna programu inayoweza kulijibu swali hili kwa usahihi katika hali zote. Uthibitisho wake unaweza kuigizwa na wanafunzi wawili.

Mmoja awe Mtabiri. Kazi yake ni kupokea kadi yenye maelekezo ya programu yoyote, pamoja na kadi ya data, na kutangaza ITASIMAMA au HAITASIMAMA. Sharti ni kwamba afuate kanuni zilizoandikwa, asibahatishe. Wa pili awe Mkaidi. Kadi ya Mkaidi ina maelekezo haya: pokea kadi ya programu yoyote, mpe Mtabiri nakala mbili za kadi hiyo, moja kama programu na nyingine kama data yake, akisema ITASIMAMA, anza kuizunguka meza na usiache kamwe, akisema HAITASIMAMA, keti mara moja.

Chezeni mara mbili tatu kwa kadi rahisi, ili kila mtu aone kwamba hakuna mazingaombwe. Kisha mpe Mkaidi kadi yake mwenyewe. Sasa Mtabiri anaulizwa: Mkaidi, akipewa kadi ya Mkaidi, atasimama? Akisema atasimama, Mkaidi anazunguka meza milele, na utabiri umekuwa wa uongo. Akisema hatasimama, Mkaidi anaketi, na utabiri umekuwa wa uongo vilevile. Akinyamaza, hakutimiza ahadi ya kujibu kila swali. Kwa kuwa hatukutaja lolote kuhusu kanuni za Mtabiri, hakuna kanuni zitakazomwokoa.

Usiharakishe hapa. Wape watu muda wa kutafuta tundu, kwani kila mmoja hulitafuta, na ni vizuri aridhike mwenyewe kwamba halipo. Tundu ambalo wengi hudhani wameliona ni kumwongezea Mtabiri kanuni maalumu ya kumtambua Mkaidi. Wajibu kwamba Mtabiri mpya atapata Mkaidi mpya, aliyejengwa kwa kumtumia huyo huyo Mtabiri mpya.

Kisha mketishe mtu kwenye kiti cha Mtabiri

Mtu mmoja atanyoosha mkono na kusema: "Lakini sisi tuliokaa pembeni tunajua Mkaidi atafanya nini. Mashine imeshindwa, sisi tumeweza." Hii ndiyo hoja yenyewe ya wanaoamini kwamba akili huvuka mpaka, na wapo wasomi wakubwa walioitetea, kwa hiyo isipuuzwe.

Ijibu kwa kubadilisha viti. Mwondoe Mtabiri mwenye kanuni, na umweke yule aliyezungumza, akiwa huru kufikiri apendavyo. Mkaidi ana maelekezo yale yale: asome kilichoandikwa ubaoni na mchangiaji huyu, kisha afanye kinyume. Mchangiaji aandike utabiri wake. Vyovyote atakavyoandika, atakosea, ingawa ana akili timamu na kila mtu darasani anaona kinachoendelea. Wenzake waliokaa wanajua jibu mara tu anapomaliza kuandika, lakini hilo haliwafanyi kuwa na akili ya aina nyingine iliyo juu ya yake. Tofauti pekee ni kwamba swali halikuelekezwa kwao. Tena, kompyuta nyingine iliyowekwa pembeni nayo ingejua jibu la Mkaidi yule wa kwanza kwa urahisi huo huo.

Mwanafalsafa C. H. Whiteley alitoa jibu la namna hii mwaka 1962 kwa kutunga sentensi inayosema kwamba Lucas, mpinzani wake aliyedai kwamba akili huizidi mashine, hawezi kuikubali sentensi hiyo bila kujipinga. Sisi sote tunaiona kuwa kweli, Lucas peke yake ndiye aliyefungwa, na hakuna anayehitimisha kwamba Lucas ni mashine.

Lakini kiongozi awe mwaminifu kuhusu kilichothibitishwa. Mchezo wa viti hauthibitishi kwamba binadamu ni mashine. Unathibitisha kwamba kushindwa kujibu swali lililojengwa dhidi yako si dalili ya uduni, na kwamba kumwona mwingine akishindwa hivyo si dalili ya ubora.

Ili kikundi kionje jinsi mtu anavyofanya anapokabili swali la kusimama bila Mkaidi kuwapo, tumia zoezi la Lothar Collatz la mwaka 1937. Chagua namba nzima yoyote kuanzia 1. Ikiwa shufwa, igawe kwa 2; ikiwa witiri, izidishe kwa 3 na uongeze 1; rudia hadi ufike 1. Kwa kuanza na 7 mtapita 22, 11, 34, 17, 52, 26, 13, 40, 20, 10, 5, 16, 8, 4 na 2 kabla ya kufika 1. Mpe aliye mvumilivu namba 27. Atapanda hadi 9,232 na atahitaji hatua 111. Je, kila namba hushuka hadi 1? Hadi mwaka 2020 kompyuta zilikuwa zimehakiki namba zote zilizo chini ya 2 kwa kipeo cha 68, na wanahisabati wamefikiri kwa zaidi ya miaka 80, lakini uthibitisho haupo. Ikiwa akili ya binadamu ingekuwa na jicho la kuona moja kwa moja ni hesabu ipi itasimama na ipi haitasimama, hapa ndipo tungetarajia litumike, kwani kanuni yenyewe anaielewa mtoto wa shule ya msingi.

Mfano wa pili wautumie ikiwa kikundi ni cha wanachuo. Mwaka 1962 Tibor Radó aliuliza: kati ya mashine za Turing zenye idadi fulani ya hali, yaani hatua ambazo mashine inaweza kukumbuka iko ipi, zile zinazosimama, ipi huchukua hatua nyingi zaidi kabla ya kusimama? Hakuna algoriti, yaani utaratibu mmoja wa kanuni, inayotoa jibu kwa kila idadi. Kwa mashine zenye hali tano, Heiner Marxen na Jürgen Buntrock waligundua mwaka 1989 moja inayosimama baada ya hatua 47,176,870. Ilichukua hadi mwaka 2024 kuthibitisha kwamba hakuna inayoizidi, na kazi hiyo ilifanywa na watu wa nchi mbalimbali walioshirikiana kwa intaneti, wakaziacha kompyuta zichuje mamilioni ya mashine, wakachambua kwa mkono zile zilizokuwa sugu, kisha uthibitisho wote ukahakikiwa na programu iitwayo Coq. Mimi nauona mfano huu kuwa wa thamani kuliko yote katika mwongozo huu. Tatizo lake ni la safu ya tatu kweli kweli, na watu walipiga hatua. Ila walipiga hatua moja moja, kwa jasho, kwa kutunga hoja mpya kila mashine ilipokataa hoja za zamani. Kwa hali sita jibu halijapatikana. Mwaka 2016 Adam Yedidia na Scott Aaronson walijenga mashine yenye hali 7,910 ambayo kanuni za kawaida za hisabati, ikiwa hazijipingi, haziwezi kuthibitisha kwamba haitasimama.

Sikilizeni hoja ya Gödel kwa makini, kisha muulize kinachojulikana ni nini

Alasiri ya pili ianze na Kurt Gödel. Mwaka 1931 alithibitisha kwamba mfumo wowote wa kanuni za hisabati ulio na uwezo wa kutosha wa kuzungumzia namba nzima, usiojipinga, na ambao uthibitisho wake waweza kukaguliwa hatua kwa hatua, una kauli ya kweli ambayo mfumo hauwezi kuithibitisha. Kauli hiyo, kwa maana fulani, hujisema yenyewe kwamba haina uthibitisho ndani ya mfumo.

J. R. Lucas wa Oxford, katika makala ya mwaka 1961, aliigeuza hoja hii iwe dhidi ya mashine. Kompyuta yoyote, alisema, ni mfumo wa namna hiyo. Ina kauli yake isiyoweza kuithibitisha. Nasi tunaiona kauli hiyo kuwa kweli. Kwa hiyo sisi si kompyuta hiyo wala nyingine yoyote. Mwanafizikia Roger Penrose aliiendeleza hoja hii mwaka 1989 na tena mwaka 1994, akidokeza kwamba ubongo hutumia fizikia ya kwanta, yaani ya chembe ndogo mno, kwa namna isiyoweza kukokotolewa. Mtu akikumbusha kwamba Penrose alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2020, mkumbushe kwa heshima kwamba tuzo hiyo ilihusu mashimo meusi ya angani, hivyo haipimi hoja hii.

Swali la kuwauliza wanakikundi ni moja: tunaona kauli ya Gödel kuwa kweli kwa sharti gani? Kwa sharti kwamba mfumo haujipingi. Gödel mwenyewe alionyesha kwamba mfumo wa namna hiyo, kama haujipingi, hauwezi kulithibitisha hilo kwa nguvu zake wenyewe. Na kauli yenye sharti, yaani "ikiwa mfumo haujipingi, basi kauli hii ni kweli", mfumo wenyewe unaweza kuithibitisha, na kompyuta inaweza kuiandika. Tofauti inayodaiwa kati yetu na mashine inabaki katika jambo moja tu: kwamba sisi tunajua mfumo haujipingi.

Je, tunajua? Mweleze mwanafunzi habari ya Gottlob Frege, mtu makini kuliko karibu wote wa zama zake, aliyejenga misingi ya hesabu kwa miaka mingi. Mwaka 1902, juzuu ya pili ya kitabu chake ikiwa mbioni kuchapishwa, alipokea barua ya Bertrand Russell iliyoonyesha kwamba moja ya kanuni zake ilizaa ukinzani. Frege alikuwa ameiona kanuni hiyo kuwa kweli. Kuona kwetu, basi, hukosea, na kuna uwezekano kwamba jumla ya imani zetu za kihisabati inajipinga mahali ambapo hatujapafikia.

Ni vema kikundi kisikie pia kwamba Gödel alikuwa mwangalifu kuliko wengi waliotumia jina lake. Katika mhadhara wa mwaka 1951 alisema kinachofuata kutokana na kazi yake ni chaguo la mambo mawili: ama akili ya binadamu inazidi kabisa mashine yoyote yenye ukomo, ama yapo matatizo ya namba ambayo akili yenyewe haiwezi kamwe kuyatatua. Yeye binafsi aliegemea la kwanza, lakini hakudai kwamba amelithibitisha. Mimi naegemea la pili, nami pia sidai kwamba nimelithibitisha.

Turing naye aligusia upande mwingine wa jambo hili mwaka 1947, alipowaambia wanahisabati wa London kwamba mashine inayodaiwa isikosee kamwe haiwezi pia kuwa na akili. Binadamu huruhusiwa kukisia, kukosea, kusahihishwa na kuendelea. Katika mjadala huu mashine hunyimwa ruhusa hiyo, kisha hulaumiwa kwa kukosa wepesi. Mnapolinganisha, wapeni wote ruhusa hiyo au wanyimeni wote.

Katika kikundi cha watu wazima, huenda mzee mmoja au mchungaji akauliza kuhusu roho. Mjibu kwa adabu kwamba swali lake ni kubwa na lina mahali pake, lakini kwamba dai lililoandikwa ubaoni linahusu kutatua matatizo. Mtu anaweza kuamini kuwa binadamu ana roho na bado akakubali kwamba hana njia ya kutabiri kila programu, na imani yake haipungukiwi na kitu.

Wekeni wazi ni ushahidi gani ungewabadilisha

Kabla ya kuandika hukumu, kila upande utaje ushahidi ambao ungeufanya ubadili msimamo. Hapa kuna ugumu ambao watu wachache huufikiria, na ningependa kikundi kiumalize kabla ya kuondoka.

Tuseme ametokea mtu anayedai kwamba anaweza kutabiri kusimama kwa programu yoyote. Mnampa programu, naye anajibu. Akisema itasimama, mnaweza kuiendesha na kungoja. Kama amesema kweli, siku moja mtaiona imesimama. Akisema haitasimama, mtamhakiki vipi? Kungoja hakutoshi, kwa kuwa iliyozunguka mwaka mzima yaweza kusimama kesho. Mtahitaji atoe uthibitisho ambao ninyi mnaweza kuukagua. Lakini ikiwa uthibitisho wake wote umeandikwa kwa kanuni mlizokubaliana na mnaweza kuukagua hatua kwa hatua, basi kompyuta iliyopewa muda usiokwisha inaweza kuandika mifuatano yote ya herufi inayowezekana, kuanzia maandiko mafupi kwenda marefu, ikikagua kila andiko, hadi ifike kwenye uthibitisho ule ule. Itachukua muda wa kutisha, ila masharti yaliyoandikwa ubaoni tangu alasiri ya kwanza yaliruhusu muda huo kwa pande zote.

Kwa hiyo mtetezi wa ubora wa akili ana njia mbili zilizobaki. Aseme kwamba binadamu hupata kanuni mpya za kweli, zisizotokana na zile za zamani, tena kwa namna ambayo hakuna programu ingeifuata. Au aseme kwamba binadamu hujua baadhi ya mambo bila uthibitisho, na tumwamini. Njia ya kwanza ni ya kuchunguzwa kwa heshima, na atakayeishika aeleze angalau kanuni moja iliyopatikana hivyo na jinsi tulivyoitofautisha na kisio lililobahatika, tukimkumbuka Frege. Njia ya pili haiwezi kujadiliwa na kikundi, kwani hakuna anayeweza kumkagua mwenye kujua.

Katibu aandike hukumu katika safu tatu zile zile: kwa sasa, kwa muda, na kwa msingi. Katika safu ya tatu aandike mambo mawili yakiwa yametengana, kilichothibitishwa kuhusu mashine na kinachodaiwa kuhusu mtu, na chini yake aache nafasi ya majina ya watakaorudi na kanuni ya kuonyesha.